Tandala: Mbolea imewekwa, mahindi bado ya zambarau

Na Mwandishi Wetu

Mwezi Januari, mvua zikiwa zimekolea katika milima ya Makete, kuna mashamba ya mahindi ambayo mpita njia anaweza kudhani yamenyunyiziwa rangi. Miche ina majani matano au sita, haijafika magotini, na kingo za majani zimegeuka zambarau mpaka kwenye shina. Mwenye shamba hakupanda bila mbolea. Alinunua mbolea ya kupandia, akaiweka kwenye shimo, akafukia.

Ng'ambo ya mfereji, kwenye udongo uleule, viazi vya jirani vimejaa majani ya kijani kibichi.

Katika kata ya Tandala, wilayani Makete, mkoa wa Njombe, hali hiyo ina maelezo matatu yanayosikika haraka: baridi, mbegu mbaya au mbolea feki. Kila moja linaweza kuwa kweli. Sehemu kubwa ya vijiji vya Makete iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na udongo wenye baridi huchelewesha mizizi kunyonya fosforasi. Fosforasi ikipungua ndani ya mmea, sukari hurundikana kwenye majani na rangi ya zambarau hujitokeza.

Lakini baridi hupungua, mizizi hurefuka, na mahindi yaliyosumbuliwa na baridi peke yake hurudi kuwa ya kijani. Yakibaki zambarau na kudumaa hadi Februari, tatizo liko ndani ya udongo, na mara nyingi haliondoki kwa kuongeza mfuko wa pili wa mbolea ileile.

Mweusi, lakini umechacha

Mgeni anayefika Makete huusifu udongo wake. Mweusi, mwepesi, unatifuka kirahisi. Sehemu ya udongo huo, hasa kuelekea uwanda wa Kitulo, ina majivu ya volkano za upande wa Rungwe. Weusi wake unatokana na majani na mizizi iliyooza polepole kwa sababu ya baridi, mabaki yakajikusanya kwa karne nyingi.

Weusi huo hauna maana kwamba chakula cha mmea kipo tayari. Udongo wa majivu ya volkano una tabia ya kuikamata fosforasi na kuishikilia kwa nguvu. Mkulima akimwaga mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ya DAP, ameingiza shambani kilo 23 za fosfeti. Mahindi ya msimu huo hupata sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Kinachobaki hakijaibiwa na mtu, kipo palepale shambani, ila kimefungamana na alumini na chuma kiasi kwamba mizizi haiwezi kukichukua.

Ukishuka kuelekea Njombe mjini na Makambako, udongo unakuwa mwekundu au wa manjano, nao una historia nyingine. Ni udongo mkongwe ulionyeshewa kwa muda mrefu mno. Maji ya mvua yameshusha chini kalisi na magnesi, yakaacha chuma na alumini.

Njia ni mbili, lakini mwisho wake unafanana: udongo wenye tindikali. Wataalamu huipima kwa kipimo cha pH, ambapo 7 ni katikati na kila namba inayoshuka ina maana tindikali imeongezeka mara kumi. Udongo wa pH 5 una tindikali mara kumi kuliko wa pH 6. Ukishuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imetulia kwenye chembe za udongo huanza kuyeyuka kwenye maji, na ncha za mizizi huungua. Mzizi unakuwa mfupi, mnene, usio na vinyweleo. Mmea wenye mizizi ya namna hiyo unaweza kufa njaa pembeni ya chakula, na jua likiwaka siku tano mfululizo unanyauka wakati udongo wa chini bado una maji.

> Fosforasi ipo shambani, ila imefungamana na alumini na chuma kiasi kwamba mizizi haiwezi kuichukua.

Chai inapenda, maharage yanateseka

Si kila mmea unalia. Chai hustawi kwenye pH ya 4.5 hadi 5.5, na ndiyo maana mashamba ya Luponde na Kibena yanapendeza hapo ambapo maharage hukata tamaa. Miwati, ambayo Kampuni ya Tanganyika Wattle ilianza kuipanda Njombe mwaka 1949, haikudai chokaa ya kupunguza tindikali. Hata maua yanayoifanya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, iitwe Bustani ya Mungu yameota kwenye udongo huohuo unaoyadumaza mahindi.

Viazi mviringo viko katikati. Vinavumilia pH ya 5 bila manung'uniko makubwa, na tindikali huwa na faida kwao: hupunguza ugonjwa wa upele unaochubua ngozi ya kiazi na kushusha bei sokoni. Hapo ndipo palipo jibu la lile shamba la jirani.

Wanaoumia ni mahindi, ngano na zaidi ya yote maharage. Maharage hutegemea bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi kuvuta naitrojeni kutoka hewani, na bakteria hao hawapendi tindikali. Ng'oa mche wa maharage Makete ukiwa na maua. Kama vinundu ni vichache, na ukivipasua ndani havina wekundu, maharage hayo hayajitafutii naitrojeni. Yanakula iliyomo shambani kama mahindi.

Parachichi, zao lililobadilisha mazungumzo ya mitaji mkoani Njombe katika miaka ya karibuni, nalo lina madai yake. Linataka pH ya kati ya 5.5 na 6.5 au karibu na hapo, udongo unaopitisha maji, pamoja na zinki na boroni, madini ambayo hayamo kwenye mfuko wa DAP wala wa urea.

Orodha iliyotoka kwenye maji

Mmea unahitaji nini hasa? Jibu lilipatikana kwa kuuondoa udongo kabisa. Katika miaka ya 1860, Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop walikuza mimea ndani ya vyombo vya maji yaliyochanganywa na chumvi chache, wakawa wanaondoa chumvi moja moja kuona mmea utakosa nini. Njia hiyo, ikiboreshwa na waliofuata, imetufikisha kwenye orodha ya elementi 17. Tatu kati ya hizo, yaani kaboni, haidrojeni na oksijeni, hutoka hewani na majini. Kumi na nne zilizobaki lazima mzizi uzitafute.

Kabla yao, Carl Sprengel mwaka 1828, kisha Justus von Liebig aliyeisambaza hoja hiyo kuanzia mwaka 1840, walishasema jambo ambalo bado linawaponza wengi: mavuno huamuliwa na kirutubisho kilichopungua kuliko vyote. Mchuzi uliokosa chumvi hauokolewi kwa kuongeza mafuta. Shamba lililokosa potasi haliokolewi na urea.

Maji nayo yana masharti. Mzizi unapumua, na ukizama kwenye tope lisilo na hewa unaoza. Mpunga umeumbwa na njia za kupeleka hewa chini, mahindi hayakuumbwa hivyo. Wakulima wa Njombe na Iringa walilijua hili zamani bila maabara. Vinyungu, yale matuta ya mabondeni yanayolimwa kiangazi, huinua mizizi juu ya maji na kuiacha inywe kutoka chini. Leo vinyungu vina kesi nyingine kabisa, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka vyanzo vya maji. Mkulima anayefukuzwa bondeni anarudi kwenye mteremko, na mteremko ndio uliochacha.

Lori linaondoka na potasi

Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya inakutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita mjini. Mazao ya Makete yanayokwenda Dar es Salaam mengi hupita hapo, na viazi husafiri katika magunia yaliyofungwa lumbesa, yaani yaliyojazwa kupita kipimo, licha ya makatazo yote ya serikali.

Kelele za lumbesa huwa ni za kilo anazopunjwa mkulima. Kuna hesabu nyingine isiyozungumzwa. Kila tani ya viazi inapotoka shambani huondoka na takriban kilo 5 za potasi. Lori la tani 20 limebeba kilo 100, ambazo kuzirudisha kungehitaji zaidi ya mifuko mitatu ya kilo 50 ya mbolea ya potasi. Mbolea mbili zinazonunuliwa zaidi, DAP na urea, hazina potasi hata chembe.

Potasi hiyo huishia Kariakoo, kwenye vibanda vya chipsi na hatimaye kwenye mashimo ya vyoo vya jiji. Hairudi Tandala. Msimu wa kwanza haionekani, wala wa pili. Msimu wa tano majani ya chini ya viazi yanaungua kingo, viazi vinakuwa vidogo, na mkulima analaumu mbegu.

> DAP na urea hazina potasi hata chembe, na kila lori la viazi huondoka nayo.

Majivu ya kuni yana potasi, tena yana kalisi inayopunguza tindikali. Katika nyanda hizi za juu, zamani ulezi ulipandwa kwenye majivu ya majani na matawi yaliyochomwa shambani, na ulezi ulistawi. Majivu hayo yalikuwa chokaa ya siku hizo, iliyolipiwa kwa kuumaliza msitu. Watu walipoongezeka na shamba kukosa muda wa kupumzika, njia hiyo ilikwisha. Majivu ya jiko la nyumba moja, hata katika wilaya ambayo moto hauzimwi kwa baridi, yanatosha bustani ya mboga, hayatoshi ekari.

Mbolea imeharibu udongo?

Hapa pana mgogoro wa zamani. Upande mmoja kuna wanaosema mbolea ya chumvichumvi imechosha ardhi: baba alilima bila mbolea akapata, mwana akiacha mbolea msimu mmoja hapati kitu. Upande wa pili kuna serikali, wafanyabiashara wa pembejeo na sehemu kubwa ya wataalamu, wanaosema Mwafrika anatumia mbolea kidogo mno. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika waliokutana Abuja walikubaliana kufikisha kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo mwaka 2015. Mwaka ulifika, lengo halikufikiwa katika nchi nyingi.

Kila upande umeshika kipande cha ukweli, lakini wa kwanza unastahili kusikilizwa zaidi ya unavyosikilizwa.

Katika miaka ya 1970 Tanzania ilisukuma mahindi kwa nguvu katika mikoa ya Iringa (Njombe ikiwa ndani yake wakati huo), Mbeya, Ruvuma na Rukwa. Sehemu ya bei ya mbolea ilibebwa na serikali na kiwanda cha mbolea cha Tanga kilikuwa kikizalisha. Mbolea iliyotawala kukuzia ilikuwa SA, salfeti ya amonia. Amonia ikishaingia kwenye udongo, bakteria huigeuza kuwa naitreti, na katika mgeuko huo tindikali huzalishwa. Kwa makadirio ya kawaida ya wataalamu, uchachu unaoachwa na mfuko mmoja wa kilo 50 wa SA unahitaji karibu kilo 55 za chokaa kuufuta. Kwa kila kilo ya naitrojeni, SA huchachusha udongo takriban mara tatu ya urea.

Ruzuku iliondolewa hatua kwa hatua mwanzoni mwa miaka ya 1990. SA iliyokwisha mwagwa haikufuatwa na chokaa. Kwa hiyo mzee anayesema mbolea iliharibu shamba lake hasemi ushirikina. Anaeleza kemia kwa maneno ya nyumbani. Anapokosea ni pale anapohitimisha kwamba dawa ni kuacha mbolea, maana shamba linalovunwa kila mwaka bila kurudishiwa kitu linachoka vilevile, kwa njia nyingine.

Ruzuku ya mfumo wa vocha ilikuja msimu wa 2008/09, na hapo ukazuka ubishi wa Minjingu. Fosfeti ya Minjingu, inayochimbwa mkoani Manyara, ilipelekwa kwa wakulima wa nyanda za juu kusini, wengi wakaikataa: walizoea DAP inayoonyesha matokeo ndani ya wiki mbili. Kisayansi ilikuwa na hoja nzuri. Mwamba wa fosfeti huyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wenye tindikali, na una kalisi ndani yake. Lakini huyeyuka polepole, na mkulima aliyekopa hana subira ya misimu mitatu. Baadaye kiwanda cha Minjingu kilitoa mchanganyiko wa punje wenye naitrojeni. Jina lilikuwa limeshachafuka, na katika biashara ya pembejeo jina halisafishwi haraka.

Tarehe 8 Agosti 2022, katika kilele cha Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku mpya. Bei ya dunia ilikuwa imepanda vibaya baada ya Uviko na vita vya Ukraine. Mfuko wa DAP uliokuwa umevuka Sh130,000 ukashushwa hadi Sh70,000 kwa wakulima waliojiandikisha. Palikuwa na malalamiko ya foleni, mawakala kuwa mbali na namba za usajili kutofika kwenye simu. Hata hivyo kwa mkulima wa Makete ilikuwa tofauti ya kupanda na kutopanda, na asiyelikubali hilo hajanunua mbolea mwaka ule.

Swali langu ni jingine: mbolea hiyo ya ruzuku imekwenda kwenye udongo wa namna gani? Kama DAP ya Sh70,000 imefukiwa kwenye shamba la pH 4.8, sehemu ya fedha ya umma imekwenda kufungamana na alumini.

Chokaa ni nzito

Dawa ya tindikali inajulikana. Chokaa ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa, huitoa alumini kwenye maji ya udongo, hurudisha kalisi na kuiachia fosforasi nafasi. Yenye magnesi ndani yake ni bora zaidi kwa udongo uliooshwa na mvua.

Shida yake ni uzito. Mbolea ya kupandia ni mfuko mmoja kwa ekari. Chokaa kwa udongo uliochacha inaweza kufika tani nzima kwa ekari, mifuko 20. Mawe ya chokaa yapo Songwe, jirani na Mbeya, ambako pia huchimbwa kwa ajili ya saruji. Kutoka hapo hadi Makete kwa kuzunguka Makambako na Njombe ni zaidi ya kilomita 300. Lami ya Njombe hadi Makete imepunguza mateso, lakini lori halibebi chokaa bure, na nauli inaweza kuizidi bei ya chokaa yenyewe.

Kuna kikwazo cha pili, kisichoondolewa na barabara. Chokaa ikiwekwa vizuri hufanya kazi miaka mitatu hadi mitano. Wakulima wengi wa viazi wanakodi shamba kwa msimu mmoja. Nani atamwaga mifuko 20 kwenye ardhi ambayo mwakani mwenyewe atamkodisha mtu mwingine? Mwenye ardhi naye hailimi, hivyo haoni mahindi ya zambarau. Anaona kodi.

Na kuna hatari ya kuigeuza chokaa kuwa fasheni mpya. Shamba la chai halihitaji. Shamba la viazi likimwagiwa chokaa nyingi muda mfupi kabla ya kupanda linaalika upele. Mpangilio wenye akili ni kuiweka viazi vikishavunwa, kwa ajili ya mahindi au maharage yanayofuata, ili zamu ya viazi ikirudi ukali wake uwe umepungua. Na shamba lenye pH ya 5.8 halina haja ya kutumia hata shilingi moja huko.

> Mwenye ardhi hailimi, hivyo haoni mahindi ya zambarau. Anaona kodi.

Samadi na mboji vina nafasi yao kubwa, maana vitu vilivyooza huifunga alumini na kuiacha fosforasi ipumue. Anayefuga ng'ombe wawili wa maziwa ana kiwanda cha mbolea nyuma ya nyumba, mradi asiache samadi inyeshewe nje mpaka naitrojeni na potasi vioshwe. Mbolea zinazochanganya samadi na madini, kama zile za Fomi zinazotengenezwa Nala, Dodoma, zimeongeza uchaguzi dukani. Bado hakuna mfuko wowote kati ya hiyo unaomwambia mkulima pH ya shamba lake ni ngapi.

Pima kwanza, kabla ya foleni

Mwaka 2022 maofisa ugani nchini waligawiwa pikipiki, na halmashauri zikapewa vifaa vya kupima afya ya udongo. Kituo cha utafiti cha TARI Uyole, Mbeya, hupima sampuli, na Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro vilevile. Pikipiki ndizo zinazoonekana vijijini kuliko vipimo, na hilo ni jambo ambalo halmashauri ya Makete na jirani zake wanapaswa kulijibu kwa wakulima wao.

Serikali iliyoweza kubeba nusu ya bei ya DAP ingefanya vizuri zaidi kubeba nauli ya chokaa hadi Tandala, na kumtaka kila anayechukua mbolea ya ruzuku katika mikoa yenye tindikali awe na karatasi ya pH ya shamba lake. Kuongeza mifuko bila karatasi hiyo ni kutumia fedha gizani.

Mkulima asisubiri amri hiyo. Chukua udongo wa sehemu kumi hadi kumi na tano za shamba, kina cha sentimita 20, epuka palipolala ng'ombe au palipochomwa takataka. Changanya kwenye ndoo safi, chota nusu kilo, anika kivulini, mpelekee ofisa ugani na umwombe pH kabla ya kitu kingine chochote. Chokaa hutakiwa kukaa kwenye udongo wenye unyevu mwezi mmoja au zaidi kabla ya mbegu, na mahindi ya Makete huanza kupandwa Novemba. Sampuli inayopelekwa Oktoba imechelewa. Ipelekwe Julai.